Kodi ya Kamari na Nyama ya Maskini

Napenda kukusimulia juu ya swali moja nililoulizwa hapa Naliendele. Swali hilo nililijibu kwa haraka, nalo likanirudisha vitabuni kwa muda mrefu.

Ulikuwa msimu wa korosho, baada ya sala ya Isha. Kijana mmoja niliyemsomesha Juzuu Amma alipokuwa mdogo alibaki msikitini wenzake walipoondoka. Akaja akakaa mbele yangu, akatoa bahasha.

"Maalim," akasema, "hii ni ya mabati ya madrasa."

Nikamshukuru na kumwombea dua, kisha nikamwuliza kama chama cha msingi kimekwisha kuwalipa wakulima. Akainamisha kichwa, akasema bado. Ila mkeka wake umetiki.

Mimi mkeka ninaoujua ni ule wa ukindu, ambao tumeukalia miaka yote tukisoma na kusomesha. Ilibidi anieleze kwamba vijana siku hizi huita mkeka ile orodha ya mechi anazozibashiri mtu katika simu yake, akatia dau, akangoja matokeo. Nilipofahamu, nikamrudishia bahasha yake. Ndipo akaniambia:

"Lakini Maalim, fedha hizi zimekwisha kukatwa kodi. Serikali imechukua fungu lake, na kwa fungu hilo inajenga shule na hospitali ambazo sisi sote tunazitumia. Basi kwa nini madrasa ikatae?"

Nikamjibu kwa ukali kwamba kodi si udhu. Akaamka akaenda zake, na kwa majuma mengi sikumwona tena darasani. Jibu langu lilikuwa la kweli, lakini lilikuwa nusu ya jibu. Mwalimu anapotoa nusu ya jibu kwa hasira, aghalabu mwanafunzi huondoka na ile hasira, akaliacha jibu palepale. Leo nataka kuitafuta nusu iliyobaki.

SHERIA INACHUKUA NINI

Kwanza tufahamu kodi yenyewe, maana haifai kuhukumu jambo tusilolijua. Katika nchi yetu sheria ya mabahatisho na bahati nasibu ilitungwa mwaka 1967, mwaka uleule wa Azimio la Arusha. Mwaka 1974 ikaja sheria ya Bahati Nasibu ya Taifa, na sisi tuliokuwa watoto wakati ule tunakumbuka watu wazima wakiikunja tiketi na kuitia mfukoni kana kwamba ni hati ya shamba. Mwaka 2003 sheria hizo mbili zilifutwa, ikatungwa Sheria ya Michezo ya Kubahatisha, na Bodi ya Michezo ya Kubahatisha ikaundwa kutoa leseni na kusimamia kasino, mashine na ubashiri. Sheria hiyo inamkataza aliye chini ya miaka 18 asicheze.

Mwaka 2017 kazi ya kukusanya kodi za michezo hiyo ilikabidhiwa Mamlaka ya Mapato, na mshindi mwenyewe akawekewa kodi ya asilimia 18 ya zawadi yake. Baadaye kiwango hicho kilifika asilimia 20. Mwaka 2021, kwa upande wa kubashiri michezo, kikashushwa hadi asilimia 15, na wakati huohuo kodi ya kampuni ikapandishwa kutoka asilimia 25 hadi 30 ya fedha zinazobaki baada ya washindi kulipwa. Na sehemu ya ongezeko hilo ikaelekezwa kwenye mfuko wa kuendeleza michezo. Viwango vya namna hii hubadilishwa na Bunge mara kwa mara. Lakini njia ni ileile: fungu moja hutoka kwa mwenye mchezo, na fungu la pili hukatwa katika ushindi kabla haujamfikia mshindi mkononi.

Sasa tupige hesabu. Tuseme kijana amepoteza shilingi 200,000 katika msimu mzima, dau baada ya dau, kisha siku moja akapata faida ya shilingi 100,000. Kwa kiwango cha asilimia 15 atakatwa 15,000, naye atapokea 85,000. Watu watamwona ni mshindi. Lakini akitazama daftari lake ataona amekula hasara ya shilingi 115,000, na juu ya hasara hiyo amelipa kodi ya ushindi! Hayo ni kwa sababu kodi hii hukatwa katika kila ushindi peke yake, wala haiulizi mtu amepoteza kiasi gani jana na juzi.

Linganisha na zaka. Zaka humtazama mtu mwenye nisabu, na katika fedha na biashara hungoja mwaka uzunguke, kisha huchukua robo ya fungu la kumi, yaani asilimia mbili na nusu. Zaka hutoka katika mali iliyotulia. Kodi ya ushindi huidaka mali ikiwa inaruka kutoka mkono huu kwenda mkono ule. Kwa hiyo anayedhani kwamba makato yale yanaisafisha mali yake kama zaka inavyoisafisha, amechanganya mambo mawili yasiyokuwa na asili moja.

NGAMIA WA UJAHILIA

Hoja ya yule kijana, kwamba kamari inawafaa watu kwa fungu linalotolewa, ina umri mkubwa kuliko dola zote zilizopo leo. Waarabu wa zama za Ujahilia walikuwa na kamari yao waliyoiita maysir. Wakati wa baridi na njaa walinunua ngamia kwa deni wakamchinja, kisha wakatia mishale kumi katika mfuko. Mishale saba ilikuwa na mafungu, wa kwanza fungu moja na wa saba mafungu saba. Na mishale mitatu ilikuwa mitupu. Waliotokewa na mishale yenye mafungu walipata nyama, na waliotokewa na mishale mitupu walilipa bei ya ngamia.

Jambo la kuzingatia ni hili: wale washindi walikuwa hawali nyama ile. Waliwagawia maskini, wakajifakhiri kwa ukarimu wao, na mtu asiyeshiriki walimwita bahili. Kwa hakika basi, kamari ya Ujahilia ilikuwa na fungu la maskini kubwa kuliko kodi yo yote ya leo. Haikuwa asilimia 15 wala 30; aghalabu ilikuwa nyama yote.

Pamoja na hayo ilikatazwa. Tena aya ya 219 ya Sura ya Al-Baqara haikukana kwamba katika ulevi na kamari kuna manufaa kwa watu. Iliyataja manufaa hayo, ikayaweka katika mizani pamoja na madhambi yake, ikatujulisha kwamba madhambi ni mazito zaidi. Kisha katika Sura ya Al-Maida, aya ya 90 na 91, likaja katazo lenyewe na sababu zake: uadui na chuki baina ya watu, na kuzuiliwa na kumkumbuka Mwenyezi Mungu na sala. Tazama uadilifu ulioje! Muumba hakuificha hoja ya upande wa pili. Nyama ya maskini ilionekana, ikapimwa, ikashindwa.

Ikashindwa kwa nini? Kwa sababu yule ngamia alikuwa na bei, na bei hiyo ililipwa na nyumba ya mtu fulani. Maskini wa mtaa huu walishiba, na watoto wa aliyetokewa na mshale mtupu wakalala njaa. Yule aliyegawa nyama akasifiwa kwa mali aliyoilipia mwingine.

UBASHIRI WA SAYYIDNA ABUBAKAR

Kuna kisa kingine kinachokaribia zaidi kubashiri matokeo. Warumi waliposhindwa na Wafursi, Sura ya Ar-Rum ilitoa habari kwamba watashinda tena katika miaka michache. Sayyidna Abubakar (r.a.) akawekeana dau la ngamia na mshirikina mmoja wa Makka, Ubayy bin Khalaf, na wakati huo kamari ilikuwa bado haijaharimishwa. Warumi wakashinda kweli. Wafasiri wametaja katika baadhi ya mapokezi kwamba dau lilikuwa limefikia ngamia mia, na kwamba Abubakar alipowapokea na kuwaleta kwa Mtume (s.a.w.), aliamrishwa awatoe sadaka.

Hapa nilisimama nikafikiri sana. Huyu alikuwa mbora wa masahaba, na alichokitegemea kilikuwa habari ya yakini, si kubahatisha. Hata hivyo katika mapokezi hayo hakuambiwa atoe fungu akabaki na lililosalia. Walitolewa wote.

MELI YA ZIWA NYASA

Huenda msomaji akasema kwamba hayo ni ya Arabuni ya kale. Basi na tuje kwetu kusini.

Mwaka 1891 huko Ujerumani iliendeshwa bahati nasibu kubwa ambayo wenyewe waliipa jina la kupinga utumwa. Watu wa Berlin na miji mingine walinunua tiketi wakitumaini kushinda, na huku wakiambiwa kwamba fedha zao zitaikomesha biashara ya watumwa katika Afrika ya Mashariki. Fedha hizo zilisaidia kuipata meli iliyoitwa Hermann von Wissmann, ikasafirishwa vipande vipande kwa njia ya mto Zambezi na Shire, na mwaka 1893 ikafika Ziwa Nyasa. Kutoka pande za ziwa hilo ndiko misafara ya watumwa ilikokuwa ikishuka kuja Kilwa na hapa Mikindani kwa jirani zetu. Kwa hiyo nia iliyotangazwa ilikuwa njema, wala hakuna Mwislamu wa leo atakayesema kuwa kukomesha utumwa ni jambo baya.

Lakini itazame historia mpaka mwisho wake. Meli ile ilikuwa chombo cha dola ya kikoloni katika ziwa. Mwezi wa Agosti 1914, vita kuu ilipoanza, meli ya Waingereza iitwayo Gwendolen iliifuata ikaikuta Liuli imepandishwa nchi kavu kwa matengenezo, ikaishambulia na kuilemaza. Na utumwa je? Wajerumani walitawala hapa zaidi ya miaka 25 bila ya kuufuta kabisa katika sheria zao. Ulifutwa kisheria mwaka 1922, chini ya Waingereza, na haukufutwa kwa tiketi ya mtu ye yote.

Sisemi kwamba kila fedha ya bahati nasibu huishia katika vita. Nasema kwamba jina jema lililoandikwa juu ya tiketi si dhamana ya kazi itakayofanywa na fedha.

DOLA INAPOZOEA MEZA

Waingereza nao wana kisa chao. Malkia Elizabeth wa Kwanza alitangaza bahati nasibu mwaka 1567, ikachezeshwa mwaka 1569, ili kutengeneza bandari za nchi yake. Kutoka mwaka 1694 serikali yao ikawa inatafuta fedha kwa njia hiyo mara kwa mara, mpaka Bunge lenyewe likachoshwa na ufisadi na ufukara ulioletwa, na bahati nasibu ya mwisho ikachezeshwa mwaka 1826. Karne moja baadaye, mwaka 1926, Winston Churchill akiwa Waziri wa Fedha aliweka kodi juu ya dau za farasi. Watu wakazidi kucheza kwa siri, kodi haikuleta kilichotarajiwa, na baada ya miaka michache ikafutwa. Mwaka 1994 bahati nasibu ya taifa ikarudi kwao. Huko Uingereza mshindi halipi kodi ya ushindi wake. Wanaotozwa ni wenye michezo.

Majirani zetu wameonja uchungu huohuo. Kenya ilirudisha mwaka 2018 kodi ya asilimia 20 ya ushindi. Mwaka 2019 ukazuka ugomvi baina ya serikali na makampuni ya kubashiri: je, asilimia hiyo ikatwe katika fedha zote anazolipwa mshindi, au kwanza litolewe dau lake mwenyewe? Mwezi wa Julai leseni za makampuni kadhaa zikazuiliwa, na mwezi wa Septemba kampuni ya SportPesa ikasimamisha kazi zake nchini humo kwa muda. Vilabu vya mpira vilivyokuwa vikiitegemea vikabaki mikono mitupu. Uganda nayo, mwezi wa Januari 2019, Rais Museveni aliagiza leseni za kubashiri zisitolewe upya, kwa sababu vijana wanaharibika. Lakini ubashiri haukukoma, na kodi yake iliendelea kukusanywa.

Na kwetu sisi, mwaka uleule wa 2017 mshindi alipowekewa kodi, jezi za Simba na Yanga zilianza kubeba jina la kampuni ya kubashiri. Mtoto wa Naliendele aliyependa mpira tu akawa anavaa tangazo la kamari kifuani bila ya kujua.

Hapa ndipo penye hatari niionayo mimi. Ni haki mwenye mchezo atozwe kodi, na anayeikwepa amevunja sheria ya nchi juu ya kosa lake la kwanza. Wala simlaumu mgonjwa anayetibiwa katika hospitali ya serikali. Fedha za hazina zimechanganyika, naye anachukua haki yake ya uraia. Lakini mlezi anayekula kutokana na jambo huona vigumu kulikataza. Akisema kwa mdomo wake vijana wapunguze, mkono wake unangoja wasipunguze. Watawala wema wa zamani walilifahamu hilo. Sultani Baybars wa Misri, katika karne ya 13, alipoamua kupiga vita ulevi alilifuta na lile pato ambalo hazina yake ilikuwa ikilipata kutokana na ulevi huo. Alijua kwamba hawezi kuufunga mlango ambao yeye mwenyewe anapokea ushuru wake.

NUSU YA JIBU ILIYOBAKI

Sasa nirudi kwa kijana wangu. Nilipofungua tena vitabu nilikuta kwamba jambo lake lina maelezo mapana kuliko nilivyompa. Imam Ghazali ameeleza, na Imam Nawawi akamnukuu katika Al-Majmuu, kwamba mwenye mali ya haramu akitaka kutubu, na mwenye mali anajulikana, basi amrudishie. Ikiwa hajulikani kabisa, mali hiyo itumike katika maslahi ya watu wote, kama vile madaraja, misikiti na njia, au wapewe mafakiri. Lakini anayeitoa haitoi kwa kutaka thawabu ya sadaka, bali anautua mzigo usiokuwa wake.

Basi nilikosea nilipomfukuza yeye na bahasha yake. Ningemwuliza kwanza anataka nini: kutua mzigo, au kuupaka rangi ili aendelee kuubeba?

Nikaenda nyumbani kwao. Nilimkuta akianika korosho uani. Nikamwambia kwamba nimekuja kumalizia jibu langu, na kwamba ukali wangu ulizidi. Tukakaa. Nikamweleza kisa cha ngamia na mishale, kisha nikamwuliza: "Mwanangu, dau zako zote za mwaka huu zilitoka wapi?"

Akanyamaza kitambo. Kisha akasema kwa sauti ndogo kwamba kabla ya msimu kufunguliwa aliuza magunia mawili ya mama yake kwa kangomba, kwa bei ya kutupa, akamwambia mama kwamba yameibwa.

Ndugu msomaji, ninyi mlio mbali huenda hamuijui kangomba. Ni yule mnunuzi wa kichochoroni anayempa mkulima fedha kidogo wakati wa dhiki, akachukua korosho zake kwa sehemu ndogo ya bei atakayoipata mnadani. Magunia mawili kwa mama mjane ni karo, ni chumvi, ni dawa ya mwaka. Ngamia wa Ujahilia alikuwa amechinjwa katika nyumba ile, na mwenye kulipa bei yake alikuwa jikoni, hajui lo lote. Serikali ilipata fungu lake, kampuni fungu lake, na madrasa ilikaribia kupata mabati. Mama peke yake ndiye aliyetokewa na mshale mtupu, naye hata mkono hakutia mfukoni.

Nikamwambia: "Hapa mwenye haki anajulikana, hatuna haja ya kumtafuta vitabuni. Mwambie mama yako kweli, kisha mlipe kwa jasho lako. Fedha za bahasha, hilo dau lako la siku ile ni lako. Faida iliyobaki si yako wala si yangu. Itoe katika jambo la mtaa mzima bila ya kutaja jina lako, na usingoje thawabu ya sadaka. Thawabu yako iko katika kuacha."

Kuhusu mabati, niliona bora madrasa ingoje. Hata kama wanavyuoni wameruhusu, nilichelea watoto wasije wakasikia kwamba paa lao liliezekwa na mkeka wa simu, wakaipenda njia iliyoleta mabati kuliko somo linalosomwa chini yake. Mvua za mwaka ule zilitunyeshea, na tukasoma tukihamahama pembeni.

Kijana alimwambia mama yake. Sikuwapo, wala sitaki kueleza yaliyosemwa baina yao. Ninalolijua ni kwamba anamlipa kidogo kidogo, na siku za Alhamisi huja tena darasani, akakaa nyuma karibu na mlango.

Wazazi wenzangu, tusiwaachie Bunge na Mamlaka ya Mapato peke yao kazi ya kupima jambo hili. Wao watapima asilimia, na hiyo ndiyo kazi yao. Sisi tupime kwa mizani tuliyopewa: kila tunaposikia kwamba kamari imeleta faida fulani, tuulize nani aliyelipa bei ya ngamia. Tuulize kwa upole, kabla mtoto hajainuka kwenda zake.

Mwenyezi Mungu atujaalie riziki ya halali, ndogo yenye baraka, na atusamehe sisi walimu pale tunapojibu kabla ya kusikiliza. Wabillahi tawfiq.